Mlango umekwama, meza imepasuka: je, tumeuziwa mbao mbichi?

"Shikamoo fundi. Tunaishi Buswelu hapa Mwanza, tulihamia mwezi wa nne nyumba haijaisha, mlango wa mbele ulikuwa wa bati wa muda. Mwezi huohuo fundi mmoja akatutengenezea meza ya chakula ya watu sita, akasema ni mninga. Mwezi wa saba usiku tukasikia paa! asubuhi tunakuta meza imepasuka kwa urefu kuanzia kwenye ncha. Mwezi wa nane fundi huyohuyo akatuwekea milango mitano ya paneli, ikawa inafunga vizuri kabisa, ila tangu mvua zianze mwezi wa 11 mlango wa mbele na wa bafuni inakwama mpaka uusukume kwa bega, ya vyumbani haina shida. Mume wangu anasema tumeuziwa mbao mbichi. Fundi anaapa zilikuwa kavu, anasema zilikaa juani wiki mbili. Jirani anasema nipake oili chafu, mwingine anasema niite mtu arande tu, wifi yangu anasema ningetoa zote niweke za chuma. Nifanye nini, na je, tumeibiwa?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Kuhamia nyumba haijaisha ni kazi, alafu hela uliyojibana ukaweka kwenye milango unaona inakugeuka baada ya miezi mitatu, lazima roho iume. Nitakujibu kirefu kidogo kwa sababu hapo una shida mbili tofauti ila nyote nyumbani mnaziona ni moja, na ukizitibu kama moja utaharibu mlango ambao hauna kosa kubwa.

Tuanze na alichosema mumeo. Kwa upande wa meza nakubaliana naye kabisa. Kwa milango hapana. Mbao mbichi haivimbi, mbao mbichi inasinyaa. Milango ingekuwa ya mbao mbichi mngelalamika kinyume chake, yaani mwanya unazidi kuwa mkubwa kila wiki, paneli zinagongagonga ndani, ulimi wa kitasa haufiki kwenye tundu lake. Mlango uliofunga vizuri mwezi wa nane kwenye ukavu alafu ukakaza mwezi wa 11 kwenye mvua ni mbao iliyokuwa kavu ikanywa unyevu. Kwa hiyo kwenye milango fundi wako hakudanganya kuhusu ukavu, kosa lake liko pengine na nitakuonyesha uliangalie mwenyewe leo.

Mbao inavyofanya ni hivi. Mti ukikatwa unakuwa na maji ya aina mbili, kuna yale yaliyojaa kwenye vitundu vya nyuzi kama maji kwenye mrija, na kuna yaliyoingia ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Yale ya kwanza yakitoka mbao inakuwa nyepesi tu, umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka mpaka kama asilimia 28 au 30 hivi ndo yale ya pili yanaanza kutoka na mbao inaanza kusinyaa. (Hiyo asilimia ni uzito wa maji ukilinganisha na uzito wa mbao ikiwa imekauka kabisa.) Itaendelea kukauka mpaka ilingane na hewa ya mahali ilipo, kwa hewa yetu hii ya kanda ya ziwa inatulia kati ya 10 na 15 hivi, chini kidogo kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane, juu kidogo vuli na masika. Na haiachi. Hata meza ya babu yako yenye miaka hamsini bado inapanda na kushuka kila msimu, sisi mafundi tunasema mbao inacheza. Hakuna mbao iliyokauka ikamaliza.

Wenzetu wa mitumbwi wanalijua hili kuliko hata sisi wa fanicha. Nenda pale Kirumba Mwaloni uangalie mtumbwi wa mbao uliokaa mchangani muda mrefu, utaona mbao zimeachana mpaka mwanga unapita kwenye maungio, na hamna fundi anayekimbilia kuongeza mbao pale, wanaulowesha kwanza zivimbe zibanane ndo wanaangalia kalafati (pamba ya kuziba maungio) gani ya kubadilisha. Mbao ileile, inaenda na kurudi.

Kitu kingine cha kushika ni kwamba mbao haichezi sawa pande zote. Kwa urefu haichezi karibu kabisa, inacheza kwa upana, na ubao uliopasuliwa kwa ubapa wa gogo unacheza karibu mara mbili ya uliopasuliwa kuelekea moyo wa mti. Ndo maana milango ya paneli ikabuniwa. Ukiuangalia mlango wako una mbao mbili zilizosimama pembeni, za kulala katikati, na paneli zimekaa kwenye mfereji bila gundi. Zile za kulala urefu wake ndo upana wa mlango na urefu hauchezi, paneli zinacheza humohumo kwenye mfereji, kwa hiyo kinachoongeza upana wa mlango ni zile mbili zilizosimama tu. Tuseme kila moja ina inchi nne na nusu, jumla kama sentimita 23. Mbao nyingi za kawaida unyevu ukipanda asilimia moja upana unaongezeka kama robo ya asilimia, ukipanda kutoka 10 mpaka 15 unapata kama milimita 3. Mlango wa mbao za kupiga misumari bega kwa bega, upana wa sentimita 90 zote zinacheza, hapo ni zaidi ya sentimita nzima! Sasa fundi wengi wanaacha mwanya wa milimita mbili tatu. Umeona ilivyo karibu?

Mninga wenyewe ni kati ya mbao zinazocheza kidogo sana, karibu nusu ya hizo hesabu, ndo sababu tunaupenda kwa milango. Kama na mlango wako ni mninga kweli haukupaswa kukwama mpaka usukume kwa bega, isipokuwa kuna sehemu inakunywa maji moja kwa moja. Na wewe mwenyewe umeshanipa jibu bila kujua: ya vyumbani haina shida. Mbao zilezile, fundi yuleyule, mwezi uleule. Unaopigwa na mvua na unaomwagiwa maji ndo umekwama.

Fanya hivi leo. Chukua simu, washa kamera ya mbele, ipitishe chini ya mlango wa bafuni upige picha ukingo wa chini, alafu panda kwenye kiti upitishe kidole ukingo wa juu. Nakuambia kabla hujaenda: pameguswa msumeno na randa, hapajaguswa vanishi. Utaona mbao tupu isiyo na rangi, inayochubuka, pengine na weusi wa ukungu huko chini. Mafundi wengi wanapiga vanishi mlango ukiwa umeshafungwa, wanapaka mbele na nyuma panapoonekana, juu na chini wanaacha, na pale chini ndo zinapoishia zile mbao mbili zilizosimama, nyuzi zimekatwa midomo wazi zinafyonza maji ya bafuni kila siku kwa kasi kubwa kuliko ubavu wa mbao. Hapo unyevu unapita hata 20. Hilo ndo kosa la fundi wako kwenye milango na ni kosa la uvivu kusema ukweli, dakika kumi za brashi.

Kabla ya kugusa randa hakikisha ni uvimbe. Fungua mlango nusu, shika kitasa uunyanyue juu, kama unacheza basi shida ni bawaba zimelegea (skrubu fupi, au nne zikawekwa mbili) na mlango umelala upande wa kitasa, hapo ni kukaza au kubadilisha skrubu ndefu tu, usirande chochote. Kama hauchezi, paka chaki ukingo wa upande wa kitasa kuanzia juu mpaka chini, ufunge ufungue mara kadhaa uone chaki imefutika wapi. Ikifutika kona ya juu peke yake rudi kwenye bawaba. Ikifutika kwa urefu mrefu au kuelekea chini, ni uvimbe.

Kurandwa sasa hivi nakukataza. Anayekuja na randa mwezi wa 12 atarandia uvimbe, mlango utafunga vizuri mpaka mwezi wa pili utakuwa na furaha, ikifika mwezi wa saba mbao imerudi utaona mwanya unaopitisha mende na ulimi wa kitasa unashikilia kwa ncha. Kilichorandwa hakirudi. Kwa sasa sugua mshumaa mkavu au kipande cha sabuni ya mche pale chaki ilipofutika, na kama pamezidi piga msasa kidogo hapohapo tu. Bafuni acha dirisha wazi, na mkishaoga mlango ubaki wazi upumue. Ukipata siku tatu nne za jua mfululizo uuvue mlango, ukauke kivulini penye upepo (usiuegemeze juani, utapinda), alafu ukingo wa juu na wa chini uupige vanishi mara tatu, ile ya kwanza uichanganye na tina iwe nyepesi izame. Usipige vanishi juu ya mbao iliyolowa, utakuwa umefungia maji ndani.

Kiangazi kikifika, mwezi wa sita au wa saba, ndo angalia kama bado unabana. Ukibana hapo basi randa, na randia upande wa bawaba maana ule wa kitasa ukiupunguza unasumbua tundu la kitasa, uchonge upya nafasi ya bawaba, uache milimita 3, na palipo randwa papigwe vanishi siku hiyohiyo. Kiangazi pia utaona mstari wa mbao tupu usio na rangi pembeni ya paneli. Usiogope na usikubali mtu ajaze gundi pale, hiyo ni paneli imesinyaa kidogo ndani ya mfereji wake kama ilivyotakiwa, ukiigundisha itapasuka katikati.

Mlango wa mbele unahitaji na kitu kingine, mvua isiufikie. Kama hauna kibaraza weka hata kibati cha kukinga juu, na chini upande wa nje fundi apige ubao mdogo wa mteremko unaomwaga maji mbali. Vanishi iwe ya nje inayohimili jua, ile ya kupuliza inayong'aa ya fanicha za ndani ikipigwa na jua inabanduka kama magamba. Na ujue hakuna vanishi inayozuia unyevu kabisa, inauchelewesha tu, ndo maana ni kila baada ya mwaka au miwili unasugua na kurudia.

Oili chafu, tafadhali usipake. Watu wanapaka kwenye kenchi na nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa, huko sawa wameamua wenyewe, ila kwenye mlango wa nyumba itanuka, itachafua nguo za watoto, na siku ukitaka kupiga vanishi haitashika tena kwa sababu mafuta yameingia. Na uvimbe haitauondoa.

Kuhusu chuma, wifi yako hajakosea kwa usalama wa mlango wa mbele, ila chuma nacho kina kutu yake na joto lake na kutoa milango mitano mizima kwa sababu ya miwili isiyo na vanishi chini ni kutupa hela. Kama bafuni panamwagika maji sana na hamna namna, huo mmoja peke yake ningekuelewa ukiweka wa aluminiamu au plastiki. Ile ya vyumbani usiiguse.

Sasa meza. Hapa ndo mbao ilikuwa mbichi, na kuna kosa la pili juu yake.

Wiki mbili juani. Ubao wa inchi mbili wa mninga hauwezi kukauka wiki mbili, mninga unakauka taratibu, haupasuki ovyo lakini unataka muda, ni miezi. Jua linafanya kitu kibaya zaidi, linakausha ngozi ya juu haraka ndani kukiwa bado kubichi, ukigusa unasikia pakavu, fundi anaapa na anaamini anachoapa. Mbao inakaushwa kivulini chini ya bati penye upepo, imenyanyuliwa kwenye matofali isiguse chini, kati ya ubao na ubao kuna vijiti vya inchi moja vimepangwa kila baada ya futi mbili vikiwa mstari mmoja juu kwa juu, na ncha zimepakwa rangi ya mafuta ili zisikimbie kukauka kabla ya katikati. Umesema meza ilipasuka kuanzia kwenye ncha, ndo hapo sasa, ncha ndo inakauka kwanza.

Pia ilitengenezwa mwezi wa nne katikati ya masika, mbao iko juu, alafu kiangazi kikaivuta kwa nguvu. Bado ingeweza kupona. Lala chini ya meza na tochi uangalie imeshikwaje. Ukikuta juu imepigwa gundi na misumari kwenye fremu ya miguu kuzunguka pande zote nne, basi umeona sababu ya ule mlio wa usiku: mbao inataka kusinyaa kwa upana, imefungwa kulia na kushoto, haina pa kwenda, inajichana. Meza inatakiwa kushikwa kwa vibao vidogo vya mbao vinavyoingia kwenye mfereji wa fremu, au skrubu kwenye tundu refu ili juu iweze kuteleza milimita chache huku na huku.

Matengenezo yake: juu itolewe kwenye fremu hata kama ni kwa kukata misumari, ikae ndani kwako, sio juani, mpaka kiangazi kijacho. Mwanya utajifunga kidogo mvua hizi, usidanganyike kwamba imepona, na usikubali kujaziwa gundi na unga wa mbao sasa, mbao ikivimba itautema au itapasukia pengine. Kiangazi ikitulia fundi apitishe msumeno kwenye mstari wa ufa mpaka mwisho, arande kingo mbili zilingane, aunge kwa gundi na klampu, apige vanishi juu na chini sawasawa, alafu airudishe kwa vibao vya kuteleza. Utapoteza upana kidogo tu na meza itakaa miaka.

Kujua kama ni mninga kweli, angalia kwenye nafasi ya bawaba ambapo rangi haijafika, au kwangua kidogo chini ya meza. Mninga kiini chake ni kahawia yenye michirizi ya wekundu na weusi, ya pembeni ni njano iliyopauka. Kuna ndugu yake mkurungu, huo mara nyingi unauzwa kwa jina la mninga na sio mbao mbaya. Ila ukikwangua ukakuta weupe mtupu wenye mistari ya paini na harufu ya utomvu, yaani kilichokuwa kinaonekana ni rangi tu, hapo ndo mmeibiwa na una haki ya kudai hela yako. Nikiwa mkweli kwa ulichoeleza sioni wizi, naona fundi anayejua kuunga lakini hajafundishwa mbao inavyocheza, na wapo wengi. Mwite, muonyeshe picha ya chini ya mlango na misumari ya meza bila kumfokea, mwambie vanishi na matengenezo ya meza ni kazi yake, wewe labda uchangie vifaa. Mwenye kujali jina lake atakuja. Akikataa tafuta mwingine, walimu wa useremala wa VETA (vyuo vya ufundi) wanaweza kukuelekeza kwa vijana wao waliosoma.

Siku nyingine ukiagiza usiulize kama mbao ni kavu, kila fundi atasema ndiyo. Mwambie akukatie kipande kidogo, futi moja kutoka kwenye ncha na sio ncha yenyewe, ukipime kwenye mizani ya dukani ya dijitali, uandike. Ukiwa na oveni kiweke kwenye joto la nyuzi 100 na kidogo, upime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Kikitoka gramu 236 kikaishia 200, tofauti ni 36, gawanya kwa 200, hiyo ni asilimia 18, kwa meza ya ndani bado. Huna oveni, kiweke juu ya kabati sebuleni upime kila wiki, kikiendelea kupungua mbao haijawa tayari.

Kuna hali ambazo ushauri huu hautoshi inabidi mtu aje aone kwa macho. Pima fremu ya ukutani kwa tepu kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, alafu kinyume chake. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu sentimita au zaidi ya zilivyokuwa mwanzo, au ukiona ufa wa ukuta unapanda kwa mshazari kutoka kona ya mlango, hapo mbao haina kosa, ukuta unatembea. Nyumba ikiwa sehemu ya mbuga yenye udongo mweusi hiyo inatokea sana mvua zikianza, udongo wenyewe unavimba. Mwite fundi ujenzi mzoefu au injinia kabla hujamwita seremala. Na ukigonga fremu ikalia kama tupu, au ukaona njia za udongo za mchwa zinapanda pembeni, au unga laini unadondoka kwenye vitundu, usipake kitu juu, mtafute mtu wa dawa za wadudu kwanza, sehemu iliyoliwa ikatwe. Anza na ile picha ya chini ya mlango wa bafuni na kuangalia misumari ya meza, ukinitumia hizo mbili nitakuambia kama kuna la kuongeza.